Tyubu Zilizochoka za Fundi Ilunga

Vumbi likiungua juu ya kitu cha umeme hutoa harufu ya namna moja tu, na mimi naitambua hata nikiwa usingizini. Mwezi uliopita nilipeleka simu yangu kwa kijana anayetengeneza simu karibu na soko, hapa Lubumbashi ninakoishi sasa. Nyuma ya meza yake palikuwa na televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mnene, imefunguliwa matumbo yote nje. Mtu alikuwa ameiwasha ili ajue kama bado inapumua. Vumbi likaanza kuungua, likachanganyika na moshi wa ile nta ya kahawia ya kulehemu, nami nikasahau simu na nikasahau nilichokuja kufanya. Kijana aliniuliza mara mbili, "Mama, iko na problème gani?" Nikamjibu kwamba ni kioo. Akaigeuzageuza simu na kunitazama kwa wasiwasi, maana kioo chake kilikuwa kizima kabisa.

Mimi nilikuwa nimesharudi Nchelenge, ng'ambo ya mpaka, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, miaka ile ya tisini ilipokuwa inaelekea kwisha. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la dagaa wakavu, wale tunaowaita chisense, na baba alikuwa nyuma ya televisheni ya mtu.

Baba yangu alikuwa Mkongomani. Alivuka Ziwa Mweru akiwa kijana na mfuko wa bisibisi, akamkuta mama yangu anauza samaki sokoni Kashikishi, jirani na Nchelenge, na habari ya kurudi kwao ikaishia hapo. Watu walimwita Fundi Ilunga. Mama alikuwa mtu wa Kabuta, wa hapo hapo kando ya ziwa, na Kiswahili alikipata kwa kupatana bei na wachuuzi wa ng'ambo kabla ya kukikamilisha kwa ndoa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha baba, kile cha Katanga, ambamo "lakini" ni "mais" na "ndiyo" ni "njo." Mama alipokasirika alihamia Kibemba, hivyo mpaka leo Kibemba kikinenwa kwa sauti kubwa mimi hujikagua kwanza nimekosa nini. Jina langu ni Chanda, mtoto wao wa pekee, na kwa desturi ya kwetu baba alimwita mama "Mama Chanda," naye mama akamwita baba "Bashi Chanda," yaani baba yake Chanda kwa Kibemba.

Televisheni zilizofika kwetu zilikuwa zimezeeka kabla hazijafika. Nyingine zilikuja kwa mtumbwi kutoka Kongo zikiwa zimefungwa kwa mablanketi kama wagonjwa, nyingine zilishuka kwenye mabasi ya kutoka miji ya migodi, zimeshachosha macho ya familia tatu nne. Kilichochakaa kwanza kilikuwa tyubu ya picha, yaani kile kioo kikubwa chenye shingo nyembamba kwa nyuma. Tyubu ikianza kuchoka, unawasha na kusikia sauti, lakini picha unaingoja mpaka chai ipoe. Ikija, imefifia. Nyuso za watu zinakuwa na rangi ya magamba ya samaki, na nyeupe inageuka kijivu. Tyubu mpya haikupatikana Nchelenge kwa vyovyote vile. Kwa hiyo baba aliifanyia tyubu iliyochoka ile kazi aliyoiita kuongeza moto.

Njia zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa skurubu ndogo iliyojificha nyuma. Ukiizungusha polepole, picha inang'aa. Ukizidisha, kila kitu kinakuwa cheupe, na mistari myembamba ya mshazari inajitokeza juu ya picha kama mvua ya upepo. Ya pili ilitumika ile ya kwanza ikishindwa. Baba alichukua waya, akauzungusha kwenye chuma cha transfoma, akauunga na ule uzi mdogo unaowaka ndani ya shingo ya tyubu. Uzi uliokuwa wa rangi ya chungwa ukawa wa manjano, na picha ikarudi, wekundu wa midomo na yote. Wenye televisheni walipiga makofi. Baba hakupenda makofi hayo. Aliwaambia kila mara, "Nimeiongeza moto, haiko mupya. Inaangaza leo, mais itakufa mbio." Walimwitikia, wakabeba kitu chao, na ilipokufa walikuja kumlaumu.

Sasa niwaambie jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu msiba wetu wote ulipitia hapo. Fundi anayegusa skurubu yuko nyuma ya televisheni, na picha iko mbele. Mafundi wengi huweka kioo cha kujitazamia mbele ya televisheni ili waone wanachokifanya. Baba hakuwa na kioo. Alikuwa na mama. Mama alikaa mbele na sinia lake la samaki, akichambua, na baba akauliza kutoka nyuma, "Sasa?" Mama akainua uso. "Bado." "Sasa?" "Ongeza kidogo." "Sasa?" "Umepita. Rudisha." Na pale mama aliposema "Wacha hapo," baba aliiacha hapo, hakuja hata kuhakikisha. Mama alikuwa na macho ambayo wanawake wenzake sokoni waliyaonea wivu. Mitumbwi ya kisiwa cha Chisenga ikiwa bado mbali, yeye alikwisha kujua nani amepata na nani anarudi na maji matupu. Baba alisema alimwoa kwa ajili ya macho hayo, na mama akamwambia aseme ukweli, alimwoa kwa ajili ya samaki.

Kaseti ya video ya kujaribia, aliyoichezesha kwenye deki yake, ilikuwa moja siku zote: kwaya ya wanawake iliyopigwa picha kanisani huko Pweto, upande wa pili wa ziwa. Baba aliipenda kwa sababu ya kazi. Kwaya ilivaa kanzu nyeupe na vilemba vyekundu, na uso wa kahawia juu ya nguo nyeupe, alisema, hauwezi kumdanganya fundi. Mama aliipenda kwa sababu katika mstari wa pili alisimama mdogo wake, Mwansa, aliyekuwa amefariki kabla sijaanza shule. Palikuwa na picha ya Mwansa ukutani, lakini katika kaseti aliyumba, alifumba macho kwenye sauti ya juu, na wimbo ulipokwisha alimnong'oneza jirani yake kitu na wakacheka wote wawili. Mama hakuwahi kujua alisema nini. Kila televisheni iliyoingia kwetu ilimleta Mwansa, na kila iliyotoka iliondoka naye. Kisha baba akapata ya kwetu, kubwa, ya kasha la mbao, aliyoiita "poste yetu" kwa fahari. Mwansa akawa anakaa nyumbani.

Nilikuwa gredi ya nne mama alipoanza kusema "bado" mara nyingi kuliko zamani. "Sasa?" "Iko giza." "Sasa?" "Giza bado, Bashi Chanda. Ongeza." Baba aliongeza. Skurubu ilifika mwisho, akaleta waya. Alinung'unika kwamba watu wa ng'ambo siku hizi wanatuuzia mizoga, kwamba hakuna tena tyubu nzima duniani. Mimi nilikuwa nakaa pembeni ya mama na niliona picha inazidi weupe, na siku moja nikasema. Mama akanijibu kwa Kibemba, kwa sauti kubwa, nami nikajikagua.

Kulikuwa na mambo mengine. Bega lake liligonga mwimo wa mlango uleule aliokuwa akiupita tangu aolewe. Kikombe ukikiweka ubavuni kwake alikipiga teke. Wanawake wa sokoni walimpungia mkono kutoka kando ya barabara, yeye akapita kimya, wakasema Bana Chanda, yaani mama Chanda, ameanza maringo tangu awe na umeme. Samaki alikuwa anawanunua kwa kuwatazama. Sasa aliwabonyeza na kuwanusa mmoja mmoja. Niliona ni ujuzi umeongezeka. Nilijivunia hata, nikaenda na mimi nikawa nanusa samaki wa watu mpaka nikafukuzwa.

Aliyelifungua jambo lile bila kujua alikuwa Ba Kapembwa, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyekuwa na chumba cha kuonyeshea video Kashikishi. Televisheni yake ilipitia kwetu, ikaenda, na baada ya muda mfupi akairudisha juu ya baiskeli akilalamika kwamba picha ni nyeupe, vijana wanamdai kiingilio chao. Baba akaifungua palepale. Akaweka kaseti ya kwaya, akaingia nyuma, na mama akakaa mahali pake.

"Sasa?"

"Iko giza."

"Sasa?"

"Bado."

Ba Kapembwa alisimama nyuma ya mama, kiganja juu ya nyusi, kama mtu anayetafuta mtumbwi ziwani saa ya mchana. Mimi nami nilikuwa nimekunja macho. Kanzu za kwaya zilikuwa zimevimba na kuwa wingu moja, na mistari ya mshazari ilizipita huku na huku.

"Awe mukwai, hapana bwana!" Ba Kapembwa aliangua kicheko. "Giza gani? Mimi naumia macho, huyu anasema giza!"

Baba akatoka nyuma na bisibisi mkononi. Akakitazama kioo. Kisha akamtazama mama. Mama alikuwa ameuelekeza uso wake kwenye picha kwa makini, akitabasamu kidogo, akingoja aulizwe tena. Kwaya iliendelea kuimba. Tabasamu la mama likaondoka polepole, na mikono yake ikaanza kutafuta sinia ambalo lilikuwa pale pale magotini.

Baba akajifikicha macho kwa mgongo wa mkono. "Ni miye, Ba Kapembwa," alisema. "Macho yangu inakufa. Mama Chanda nilimwambia aseme giza mupaka miye mwenyewe nione. Njo vile nimeharibu poste yako. Unisamehe."

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Mimi nilikuwa mtoto, na baba yangu hakuwa mtu wa kusema uongo. Nilimwamini kabisa. Nililia usiku ule mpaka mto ukalowa, kwa sababu baba yangu alikuwa anapofuka.

Ba Kapembwa alimhurumia sana, na kwa kuwa alimhurumia, aliwaambia watu wote. Kabla ya Jumapili Kashikishi nzima ilijua kwamba Fundi Ilunga haoni. Nani atampelekea televisheni fundi asiyeona? Waliobaki walileta pasi na redio, vitu ambavyo fundi anaweza kuvitengeneza kwa kupapasa, na walipoleta walisema kwa sauti kubwa, polepole, kana kwamba masikio nayo yamekwenda. Baba alinunua kioo cha kujitazamia. Nilidhani ni ujinga wa huzuni, mtu anayepofuka kununua kioo. Alikitumia kwa kazi chache zilizokuja. Mbele ya mteja hakumwuliza mama tena hata mara moja.

Walikwenda hospitali ya misioni kutwa nzima, mimi nikabaki kwa jirani. Walirudi na kichupa cha dawa ya matone. Nikaambiwa ni presha ya macho, kwamba iliyokwisha kuharibika hairudi, na matone ni ya kubembeleza kilichobaki. Asubuhi na jioni waliingia chumbani wakafunga mlango, na mama, nilivyojua mimi, alimtia baba dawa. Nilipiga magoti nje ya mlango na kumwombea. Nilimtajia Mungu jicho la kulia na jicho la kushoto, asije akasahau moja.

Na nilianza kumwongoza. Hilo nililibuni mwenyewe. Tulipokwenda kanisani au sokoni, nilimshika baba mkono, nikamwonyesha mashimo na baiskeli za samaki zinazokuja kwa kasi. "Tata, jiwe." "Tata, sasa ni matope." Baba alitembea nami kwa utii, akainua miguu nilipomwambia ainue. Mama alitembea nyuma yake kidogo, mkono wake juu ya bega la baba. Watu walisimama kututazama. Nilisikia mwanamke mmoja akisema yule ni mke kweli, amemshikilia mumewe wakati wengine wangekimbia. Nilikuwa na aibu na fahari kwa pamoja, na sijui ipi ilizidi. Kule shule walinicheka, wakafumba macho na kutembea wakigongana. Nilimpiga mmoja wao.

Nyumbani, jioni, baba aliwasha poste yetu na kuweka kaseti ya kwaya. Kwa poste yetu kioo hakukitumia. Aliingia nyuma akauliza kama zamani, "Sasa?" na mama akajibu, "Mwansa anapotea. Ongeza." Akaongeza. Mzunguko mwingine wa waya, na mwingine tena. Nilikwenda nyuma kuangalia, na ule uzi ndani ya shingo ulikuwa mweupe kwa moto. Mbele, wanawake wa kwaya hawakuwa na pua wala macho tena, walikuwa mabaka ya mwanga yenye kuimba. Nilimkasirikia baba. Ndani kabisa nilimwona fundi mbaya, mkaidi, anayechoma kitu pekee kizuri tulichokuwa nacho kwa sababu hataki kukubali kwamba haoni. Mama alisogeza kigoda mbele, kila jioni mbele zaidi, mpaka paji lake la uso likakaribia kugusa kioo. "Sasa nimemuona," alisema siku nyingine. "Amefumba macho. Sasa anacheka."

Haikuchukua muda mrefu. Jioni moja ya masika, mvua ikiwa imetufungia ndani, baba aliwasha na sauti ikaja, lakini picha haikuja. Tulingoja. Chai ilipoa, ikawa baridi kabisa. Baba akaingia nyuma, nikasikia bisibisi ikigusa chuma. Kioo kilikuwa cheusi kama sufuria. Kwaya iliimba.

"Sasa?" aliuliza baba.

Mama alikuwa amekaa na mikono mapajani. Aliisikiliza kwaya. Halafu akasema, kwa sauti nzuri ya kila siku, "Sasa ni muzuri, Bashi Chanda. Wacha hapo."

"Unamuona?"

"Ninamuona. Wacha hapo. Usiongeze tena."

Nilifungua mdomo niseme kwamba hakuna kitu. Baba alikuwa ametokeza kichwa juu ya kasha, na alinitazama moja kwa moja, nami nikaufunga. Nilidhani nimeelewa. Nilidhani mama anamdanganya baba kwa huruma, asijue kwamba amekwisha kuiua poste yetu, na kwamba mimi nami yanipasa kunyamaza. Tulikaa watatu mbele ya kioo cheusi mpaka kaseti ilipofika mwisho, na mwishoni, pale Mwansa alipomnong'oneza jirani yake, mama alicheka kidogo kwa wakati wake.

Siku chache baadaye baba alisema anavuka ng'ambo kutafuta tyubu. Wakati huo habari za vita upande wa Kongo zilikuwa zinafika kwetu kila siku na kila mtumbwi, na watu walianza kuvuka kuja kwetu na magodoro vichwani. Isipokuwa wachuuzi wachache, hakuna aliyekuwa anakwenda kule. Nilimlilia anichukue. Nilimwambia hataona mtumbwi, hataona wanajeshi, atauziwa mzoga. Alinishika kichwa akasema, "Utabaki na mama yako. Njo kazi yako." Nikamwona akipanda mtumbwi wa wachuuzi peke yake, bila kupapasa popote, na hata hilo halikunifungua akili. Nilidhani amekariri.

Kesho yake asubuhi mama aliniita. Nilimkuta mlangoni, amejifunga chitenge cha kwendea sokoni, beseni kichwani. Mkono mmoja ulishika mwimo. Mwingine ulikuwa hewani mbele yake, kimo cha bega la mtu mzima, na chini ya mkono ule hapakuwa na mtu.

"Kuya karibu," alisema. "Uko mufupi kuliko baba yako, mais utatosha."

Niliutazama mkono ule, sikusogea.

"Chanda. Baba yako anaona muzuri. Anaona tangu zamani. Ni miye."

Aliniambia yote pale pale mlangoni, upesi, kama mtu anayemwaga maji machafu. Wajomba zangu wa Kabuta walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba yule Mkongomani na vioo vyake atamla dada yao macho. Wakisikia, alisema, "batakuya kunibeba. Bataniweka dawa ya majani mu macho, na ile kidogo inabaki itakufa. Na weye nitakuacha na nani?" Ndiyo sababu alimwomba baba asiseme, siku ileile ya Ba Kapembwa, baba akiwa amekwisha kusema uongo wake. Yaani baba alijitwisha jambo lile kabla hajaombwa.

Nilikasirika. Mnisamehe, lakini nilikasirika sana. Nilikuwa nimemsumbua Mungu miezi ile yote, kwa jina na kwa upande, juu ya macho mawili yasiyo na shida yoyote. Nilikuwa nimempiga mtoto wa watu. Halafu mkono wa mama ukashuka begani kwangu, mzito kuliko nilivyotazamia, na hasira ikanitoka yote, sikuipata tena. Tukaenda sokoni hivyo. Nilimwonyesha mashimo kwa kunong'ona.

Wiki zile baba alipokuwa hayupo zilikuwa mbaya. Sitazieleza. Kila mtumbwi uliokuja ulijaa watu waliokimbia, na tulikwenda ufukweni kuulizia, mama akisikiliza sauti zao zote kama anachambua dagaa. Watu waliuliza tumemwachaje mtu asiyeona aende vitani. Mama aliinamisha kichwa, akapokea na hilo.

Baba alikuja adhuhuri moja ya jua kali. Tyubu aliipata, alitwambia baadaye, tena nzima, ila mtumbwi haukuwa na nafasi ya tyubu. Ulijaa bibi wazee na watoto na vyungu, akaiacha kule mchangani. Nilimwona kabla hajatuona. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, na alikuwa anatazama ufukwe mzima kwa macho makali, akitutafuta. Nikamwambia mama, "Yuko." Mkono wake ukanibana bega mpaka nikaumia.

Kisha baba akatuona. Akaona mkono wa mama uko wapi, na akaelewa kwamba nimeambiwa. Watu walikuwa wengi pale, wachuuzi, askari, wakimbizi, na Ba Kapembwa mwenyewe akipiga kelele, "Jamani, msaidieni kipofu ashuke!" Baba alisimama na maji yakiwa magotini. Angeweza kutembea. Alininyooshea mkono, hewani, pembeni kidogo ya mahali niliposimama.

Nikaingia majini nikaushika. "Tata," nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "kuna jiwe hapa." Hapakuwa na jiwe. Akainua mguu juu sana, akalivuka. Mama akapata bega lake, nikaona vidole vyake vinalishika, na tukapanda kuelekea nyumbani watatu, mimi mbele.

Mama alimaliza kupofuka kabla sijamaliza shule ya msingi, na hapo halikuwa tena jambo la kufichika; watu walisema ni huzuni ya mumewe iliyomwambukiza. Wajomba walikuja, wakakuta nina umri wa kusimama mlangoni na kuwakatalia. Kazi ya televisheni haikumrudia baba kamwe. Alizeeka akishona nyavu za watu ufukweni, na mpaka anazikwa waliokuja kutupa pole walisifu jinsi alivyoshona vizuri kwa mtu asiyeona. Niliwashukuru.

Nani asiyeona, nililijua siku ile mlangoni. Kilichonichukua miaka ni jambo dogo zaidi. Baba alijua tangu waya wa kwanza kwamba anaiua poste yetu, alikuwa amewaonya watu wote Nchelenge juu ya jambo hilohilo, na kila jioni alipoingia nyuma na kuuliza, na mama akasema ongeza, aliongeza.